Kifungo Changu, Mguu wa Kipkoech

Bondeni, Nakuru
26 Februari 1968

Kwa Dada Kuluthum, Gilgil,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana barua hii si ya kusomwa umesimama. Mimi sijambo. Mbuzi hawajambo. Serikali nayo haijambo kabisa, mpaka imepata nguvu ya kunishika.

Usianze kulia. Wiki iliyopita askari wa kanjo ya mji alikuja kuniambia mbuzi hawafugwi kwenye nyumba za kanjo. Nikamwambia hawa hawafugwi, hawa ni wageni. Akaingia bandani kuwahesabu wageni, na mimi shetani akanipitia, nikatia komeo, nikaenda zangu msikitini. Niliporudi baada ya alasiri alikuwa bado anapiga kelele, na beberu alikuwa ameshakula nusu ya kofia ya serikali.

Hakimu alicheka. Nilimwona, alijificha nyuma ya leso. Halafu akanipa miezi miwili ya kile kifungo cha nje: mchana unafanya kazi ya serikali bila mshahara, jioni unalala kwako. Alinitazama akasema, "Wewe mwenyewe, mzee, kila siku." Kazi ni barabara ya kwenda Dundori. Asubuhi lori linawachukua wafungwa pale kwa chifu, linapita nao katikati ya mji wamesimama na majembe.

Sasa sikia akili ya ndugu yako. Unamkumbuka Kipkoech, mpangaji wangu, yule kijana Mkipsigis anayebeba magunia kwenye godauni ya Kanji, ambaye mke wake Adero ana hoteli ya chai kule Salgaa. Kwa Kanji kazi imelala siku hizi. Nilirudi nyumbani kutoka kortini nikakaa, nikashika kiuno, nikalalamika kidogo tu, si unajua kiuno changu. Kijana akaniuliza kuna nini, nikamweleza. Akasema, "Mzee, kwetu chifu akiita watu wa barabara, kila boma linatoa mtu mmoja mwenye nguvu. Kwani mimi si mtu wa nyumba hii?" Nikamwambia, "Wewe ni mtu wa nyumba hii kabisa."

Asubuhi akaenda. Nyapara ametoka Thika, hajui sura ya mtu hapa. Akaita, "Hemed Saad." Kipkoech akasema, "Naam." Basi. Hemed Saad mmoja anachimba Dundori, mwingine anakuandikia wewe huku anatafuna kashata. Nani mwenye hasara?

Ndugu yako mwenye miili miwili,
Hemed


Gilgil
4 Machi 1968

Hemed,

Nimeisoma nimesimama, nikaketi mwenyewe.

Kazi ya chifu haina mkosaji, ndiyo maana yeyote wa boma anaweza kwenda. Kijana ameielewa hivyo kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Lakini hii ina mkosaji, na hakimu alimtazama usoni. Kijana hakuyasikia yale maneno, "wewe mwenyewe." Wewe uliyasikia, na wala hukumwambia. Umemfunga mtu, Hemed, na yeye anadhani anakusaidia.

Na kiuno kipi? Kwenye harusi ya mwanangu mwezi wa Mfunguo Mosi ulicheza mpaka kanzu ikapasuka nyuma, wanawake wakafunika macho.

Nenda kesho ukajitaje.

Kuluthum


Bondeni
16 Machi 1968

Dada Kuluthum,

Nilikuwa nakwenda kujitaja. Wallahi nilikuwa nakwenda. Kwanza mvua ikanyesha, halafu mbuzi mmoja akazaa, halafu ikawa Ijumaa. Sasa mambo yamenipita mbele.

Wanaweka yale mabomba makubwa ya saruji, ya kupitisha maji chini ya barabara. Moja lilibiringika kwenye tope likamkuta Kipkoech amesimama upande wa chini. Mguu wa kulia, Dada. Kutoka kwenye vidole mpaka karibu na kifundo.

Yuko hospitali. Kwenye kitanda wameandika Hemed Saad. Nesi alisoma umri kwenye karatasi, akamtazama, akasema, "Huyu mzee amejitunza." Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa pale pembeni na machungwa yangu mapajani, nimekuja kujitazama mgonjwa.

Nilimnong'oneza tuseme jina lake. Yeye ndiye aliyekataa. Mfungwa wa kitanda cha pili amemwambia kwamba mtu akidanganya jina kwa serikali anafungwa, yeye na yule aliyemtuma, na hicho si kifungo cha nje. Akasema, "Wacha nipone kwanza nikiwa Hemed. Lakini mwandikie Adero mguu umeumia, aje." Unajua hajui kuandika, mimi ndiye kalamu yake tangu aingie nyumba hii.

Nikasema nitaandika leo. Sijaandika. Nikimwambia mkewe aje, ataingia wodini aseme "Kipkoech" mbele ya nesi, na mbele ya nyapara anayekuja kumwangalia mtu wake. Nafikiri kwanza.

Jana akaniuliza, "Adero amejibu?" Mdomo wangu ukasema, "Amejibu. Anakusalimu." Sikuupanga huo uongo, ulitoka wenyewe kama chafya. Dada, akafunga macho akatabasamu.

Hemed


Salgaa
18 Machi 1968

Kwako Mzee Hemed,

Pokea salamu. Mimi na mtoto Cherono tuko wazima, isipokuwa yeye ameota jino na analijaribia kwangu.

Mzee, nauliza juu ya Kipkoech. Tangu tuoane hajakosa Jumamosi. Hata ile mwaka wa mafuriko alikuja na miguu kutoka Rongai. Sasa Jumamosi zinapita na hata neno sijapata. Zamani akichelewa unaniandikia mistari miwili na utani wako, nacheka. Sasa na wewe umenyamaza.

Kama kuna kitu amefanya, niambie tu. Wewe ni kama baba yake huko mjini, ndio maana nakuuliza wewe.

Mimi,
Adero


Bondeni
21 Machi 1968

Mama Cherono, binti wa ziwani,

Hongera kwa jino. Mwambie akimaliza kukutafuna aniletee mimi, yangu yamebaki ya kuhesabia tu.

Juu ya mumeo tuliza moyo. Kanji amepokea ngano nyingi, amewashika vijana wake mpaka Jumapili, wakitoka pale wanaanguka kama hayo magunia yenyewe. Kipkoech ni mzima kama reli. Anakula mpaka natamani kumfungia sufuria. Kila jioni anakutaja, mimi naziba masikio kwa sababu mzee mjane hapaswi kusikia mambo hayo.

Akipata nafasi atakuja. Usimpikie ugali mdogo.

Baba yenu wa mjini,
Hemed Saad


Salgaa
1 Aprili 1968

Mzee Hemed,

Nilikuja Nakuru siku ya Jumatano. Nilianza kwa Kanji. Kanji mwenyewe akatoka, akasema Kipkoech hajambebea gunia tangu mwezi wa pili.

Nikafikiri labda amegonjeka na wewe unanificha ili nisiogope. Nikaenda hospitali. Karani akatafuta jina lake kwa wodi zote za wanaume, hakuna. Nilipita mlango wa wodi ya mwisho na mtoto mgongoni, nikaona miguu ya watu kwenye vitanda, nikaondoka.

Nikaja kwako. Jirani akasema amewahi kumwona asubuhi na mapema akikimbilia lori, hajui la wapi. Nikagonga. Mzee, moshi wa jiko ulikuwa unatoka chini ya mlango. Niligonga tena nikaita jina lako. Sikugonga mara nyingine kwa sababu ya heshima.

Sasa nimeelewa. Ana mwanamke, na wewe unamfichia. Watu wa Salgaa walikuwa wananiambia, nikiwatukana. Juzi nimepita hoteli kwa hoteli nikawaambia mwenyewe, "Mlikuwa na haki, Kipkoech ni takataka." Nilitaka maneno yatoke kwa mdomo wangu, nisiwe wa kusikia kwa wengine.

Kaka yangu Zeddy anakuja kunichukua Pasaka. Kwetu Ahero walikataa kabisa niolewe na mtu wa huku. Nitaingia kwa baba na mtoto na sufuria, na hakuna atakayesema kitu, watanitazama tu. Hoteli nimempatia dada mmoja aendelee nayo.

Mwambie Kipkoech nguo zake ziko kwa sanduku.

Adero


Bondeni
5 Aprili 1968

Dada Kuluthum,

Nakutumia barua ya yule mke wa Kipkoech ndani ya hii. Soma mahali pa moshi, upate pa kusingizia machozi.

Nilikuwa ndani. Nilikuwa nimeketi na mwiko mkononi, maharage yanachemka, nikawa naogopa hata maharage yatasikika. Mtoto alikuwa analia pale nje. Adero akambembeleza kwa Kijaluo. Nilikuwa na hatua chache tu kufika mlangoni, na hicho kiuno changu, kama ulivyosema, hakikuwa na kitu.

Basi na hili nalo ulijue. Haikuwa kiuno, wala haikuwa kazi. Ilikuwa lile lori. Lile lori kila asubuhi linapita mbele ya benchi letu la kahawa, na unajua nani alikuwa anawapa wafungwa majina? Mimi. "Meneja wa Mitaro, habari za ofisini?" "Bwana Jembe, umevaa tai?" Benchi lote linaanguka kwa kicheko, mimi najipapasa ndevu. Nilipofikiria kusimama mle juu, na benchi lile likinitazama, nikaona heri kiuno kiniume. Wenzangu nimewaambia hakimu alinionya tu. Mpaka leo wanajua hivyo.

Jana nilikwenda kujitaja. Nilikwenda kweli. Nimevaa kanzu nyeupe, nimetia blanketi kwenye kifurushi, maana nilijua silali kwangu. Nikamwambia karani wa wafungwa wa nje pale ofisini, "Mimi ndiye Hemed Saad." Akafungua karatasi zake akasema, "Hemed Saad yuko hospitali. Na kwa sababu ameumia kazini, zile siku zilizobaki amesamehewa. Amemaliza." Nikasema, "Hakuanza. Yule ni mwingine." Karani ni kijana mzuri, amesoma. Akaweka kalamu chini, akafunga mlango, akasema polepole, "Mzee, sijasikia. Nikisikia, itabidi nimshtaki na yule aliyelala kitandani kwa kudanganya jina. Unataka nisikie?"

Nikarudi na blanketi langu. Nilipita mbele ya benchi. Wakaniuliza, "Sheikh, unahama?" Nikawajibu kitu, wakacheka.

Kwa serikali mimi ni mtu safi, Dada. Sijui niende kwa nani.

Hemed


Gilgil
8 Aprili 1968

Hemed,

Unajua uende kwa nani. Pasaka ni Jumapili. Posta ya Salgaa ni polepole, mpe barua dereva wa lori leo hii.

Na usimwandikie utani.

Kuluthum


Bondeni
9 Aprili 1968

Mama Cherono,

Mumeo hana mwanamke. Yuko hospitali ile ile uliyokwenda, wodi ya mwisho, ule mlango uliopita. Kitanda cha dirishani. Ukiingia uliza Hemed Saad, usitaje jina lake mbele ya watu mpaka mtoke, kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

Mimi nilifanya kosa, nikahukumiwa kazi ya barabara, yeye akaenda badala yangu. Alidhani ni kama kazi ya chifu kwao. Mimi nilijua siyo, sikumwambia. Bomba lilimwangukia mguuni. Uliponiandikia mara ya kwanza alikuwa ameshalala pale siku kadhaa, na mimi nikakuandikia habari za ngano. Hakukuwa na ngano.

Ulipogonga nilikuwa ndani.

Yeye kila nikienda anauliza umesema nini, na mimi namwambia umemsalimu, umesema mtoto ana jino, umesema utakuja wiki hii. La jino lilikuwa kweli. Hayo mengine niliyatunga. Hajui kwamba uliambiwa uongo, wala hajui juu ya Zeddy.

Nimeanza sentensi nyingine hapa mara kadhaa nikaifuta, zote zilikuwa zinanitetea. Usiende Ahero kwa ajili yangu.

Hemed Saad


Salgaa
22 Aprili 1968

Mzee Hemed,

Barua yako dereva aliileta Alhamisi. Ijumaa mimi na Zeddy tukaja Nakuru. Niliuliza Hemed Saad, nesi akasema, "Wewe ni binti yake?" Nikasema ndio.

Kipkoech alikuwa anatazama dirisha. Akageuka akasema, "Umechelewa. Mzee alisema unakuja wiki ile." Nikakaa kitandani. Zeddy alitoka nje akasimama huko muda mrefu, na aliporudi alimshika mkono. Hawajawahi kushikana mkono tangu niolewe.

Wamemkata vidole vitatu. Sasa yuko nyumbani. Anatembea kama mtu anayepita kwa miiba, gunia hatabeba tena. Zeddy amerudi Ahero peke yake na begi lake. Mimi siendi popote.

Kipkoech hana hasira ya mguu. Anasema mguu ni ajali, bomba halijui mtu. Hasira yake ni ile salamu. Ananiuliza, "Mzee aliposema Adero anakusalimu, ni nani alikuwa ananisalimu?" Sanduku lake lililobaki kwako ataenda kulichukua Zeddy akija tena huku, usimpe maneno yoyote.

Sasa sikiza. Mimi si hakimu. Lakini mume wangu akipita barabarani hapa na fimbo, watu wanasema, "Huyo mwanamke wa Nakuru alimvunja mguu." Mimi ndio nililiharibu jina lake, kwa mdomo wangu, hoteli kwa hoteli. Nikiwaambia si kweli watasema, mwanamke amerudiwa na bwana, sasa anampaka mafuta. Kwa hivyo ni wewe.

Utakuja Salgaa Jumamosi. Utaingia kila hoteli niliyoingia, mimi nitakuonyesha. Utasema ulichofanya. Utasimama, hutakaa. Chai yao hutakunywa. Kama siku haitoshi utarudi Jumamosi ingine mpaka ziishe.

Na usiwachekeshe, Mzee. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mimi nakujua, utaanza vizuri halafu utatia kitu kitamu, watacheka, watakupenda, watakuita ukae. Na Kipkoech atabaki yule mtu aliyeumia ndani ya hadithi yako. Sitaki. Iseme kavu.

Adero


Salgaa
27 Aprili 1968

Dada Kuluthum,

Nakuandikia juu ya gunia la makaa, nyuma ya hoteli, nimepumzishwa kidogo.

Asubuhi nilishuka kwenye lori, Adero alikuwa amenisubiri barabarani. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo Mzee," kama siku zote, hilo likaniumiza kuliko angenitemea mate. Hakuniuliza safari. Alitangulia, nikamfuata.

Hoteli ya kwanza ina meza ndefu moja, madereva na wasaidizi wao maturniboi wamejaa, wanakula mandazi. Adero akasema, "Huyu ndiye mzee Kipkoech aliyekuwa anakaa kwake. Ana maneno." Akasogea kando. Kipkoech alikuwa mlangoni na fimbo yake. Sikujua kama atakuja. Hakuniangalia, alikuwa anaangalia barabara.

Nikaanza. Dada, unajua mimi na watu kwenye benchi. Mdomo ulijaa. Niliona pale pale jinsi ya kuanza na askari bandani, niliona watakavyopiga meza. Nikaumeza. Nikasema, mimi ndiye niliyefungwa, huyu akaenda badala yangu, hakujua, mimi nilijua. Akaumia. Mkewe alikuja kumtafuta nikamfungia mlango. Hakuna mwanamke Nakuru, hajawahi kuwako.

Hakuna aliyecheka. Mmoja alikuwa anapuliza chai yake, akaendelea kuipuliza. Dereva mmoja mtu mzima, kama umri wangu, akauliza, "Huyo kijana alikuwa amekukosea nini?"

Nikasema, "Hakunikosea kitu."

"Basi kwa nini?"

Nikamwambia juu ya lori na benchi, kwamba niliogopa kuchekwa. Maneno yenyewe yalikuwa madogo kweli yakishatoka nje. Akanitazama, akatazama fimbo ya Kipkoech, halafu akamgeukia mwenzake wakaendelea na habari za tairi.

Nilibaki nimesimama. Nilitamani hata turniboi mmoja anicheke, nijue mahali pa kuweka uso. Kipkoech alikuwa amekwisha kuondoka mlangoni, nilisikia fimbo ikienda polepole kwenye kokoto.

Adero ananiita. Ya pili iko ng'ambo ya barabara, na malori leo ni mengi. Amesema tungoje yapite.

Hemed